Dawa Iitwayo Kupumzika

Peleka mkono nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, uishike ile kano nene inayoshuka kutoka shavu la mguu. Kidole gumba kiwe upande mmoja, kidole cha shahada upande wa pili. Sasa sogeza vidole mbele kidogo, uiache kano yenyewe, ubonyeze kwenye kibonde kilichopo kati yake na mfupa. Kwa mtu mwenye afya hapo hapana habari: ngozi, mafuta kidogo, basi. Lakini ndani ya kibonde hicho kuna kifuko ambacho wengi wetu tutaishi nacho hadi mwisho bila kujua kuwa tulikuwa nacho. Wataalamu wa mwili hukiita bursa. Kina umbo la herufi U, mikono yake miwili ikijitokeza kila upande wa kano, na ute uliomo ndani ni kama mililita moja tu, yaani sehemu ya tano ya kijiko cha chai.

Nataka kukizungumzia kifuko hicho bila haraka. Kinapougua, maumivu yake hayaishii mguuni. Humfuata mtu kazini, shuleni na sokoni, na huko hudai jibu la swali ambalo hospitali peke yake haiwezi kulijibu: katika jamii yetu, nani anaruhusiwa kupumzika?

Tuanze na mwili, maana umejengwa kwa uangalifu unaostahili kutazamwa. Kano ya nyuma ya kisigino ndiyo nene na yenye nguvu kuliko kano zote za binadamu. Philip Verheyen, mwanaanatomia wa Flanders, ndiye anayetajwa kuihusisha na jina la Achilles, shujaa wa Wayunani, katika kitabu chake cha mwaka 1693. Mtu anapokimbia, kano hiyo hubeba mzigo unaozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa. Nayo haijishikizi kwenye kilele cha mfupa wa kisigino kama mtu anavyoweza kudhani. Huteremka, ikaipita kona ya juu ya mfupa, ndipo ikajipachika katikati ya uso wake wa nyuma. Kwa hiyo pale juu hubaki nafasi, kano ikiwa nyuma na mfupa mbele, na katika nafasi hiyo ndimo bursa ilimo.

Kila unapoinua vidole vya mguu, yaani unapopanda mlima, unapochuchumaa nyayo zikiwa chini, unapoinama kusukuma mkokoteni, kano huvutwa ikaegemea kona ile ya mfupa. Pasingekuwa na kitu katikati, kano na mfupa vingesagana maisha yote. Bursa hulizuia hilo kwa namna mbili. Kwanza, kuta zake mbili zinazobanwa, ule wa upande wa mfupa na ule wa upande wa kano, zimeimarishwa kwa tishu yenye gegedu inayostahimili mbano. Pili, ute wake una kemikali iitwayo asidi ya hayaluroniki, ambayo huufanya uteleze. Karl Meyer na John Palmer waliitambua kemikali hiyo mwaka 1934, wakiitoa katika jicho la ng'ombe. Ukisimama kwa ncha za vidole, nafasi hupanuka, na ulimi wa mafuta ulioko juu ya bursa huteremka kuijaza. Ukirudisha kisigino chini, ulimi hupanda tena. Pembetatu hiyo ya mafuta hutajwa kwa jina la Hans Kager, aliyeieleza mwaka 1939. Hupanda na kushuka hivyo kwa kila hatua, na mwenye mguu hana habari.

Mwaka 1788, mjini Edinburgh, Alexander Monro wa pili alichapisha kitabu kizima kuhusu bursa zote za mwili wa binadamu, akizifuata moja baada ya nyingine kutoka begani hadi unyayoni. Wanaofuatilia kazi yake leo hukubaliana kwamba zinapita mia. Lakini kuna jambo linalonigusa zaidi ya hesabu. Bursa nyingine huzaliwa nasi, kama hii ya kati ya kano na mfupa. Nyingine mwili huziunda baadaye, mahali penye msuguano. Kisiginoni tunazo za aina zote mbili: nyuma kabisa, kati ya ngozi na kano, mwili unaweza kujitengenezea kifuko cha pili pale ambapo ukuta wa kiatu husugua siku hadi siku. Mtoto hazaliwi nacho. Hukipata kwa kuvaa, kwa kutembea, kwa kufanya kazi. Ukikiona kifuko hicho umeona kumbukumbu ya maisha ya mtu, iliyoandikwa na mwili wenyewe.

Sasa chukua mlinzi aliyepewa buti jipya lenye ukuta mgumu. Au chukua mkimbiaji aliyeongeza mazoezi ya milimani kwa ghafla, au mama anayeteremka na kupanda bonde mara nyingi kwa siku akiwa na ndoo kichwani. Utando wa bursa ukibanwa na kukwaruzwa kupita kiasi, chembe zake hutoa kemikali za kuita msaada. Mishipa midogo ya damu hutanuka, majimaji huvuja, chembe nyeupe huingia. Ute huongezeka. Nafasi kati ya mfupa na kano haiongezeki, hivyo kila tone jipya huzidisha mbano. Mbano huzaa mchochota, mchochota huzaa ute, ute huzaa mbano. Huo ndio mchochota wa bursa ya kisigino. Wenye mfupa uliochomoza juu ya kisigino, umbo ambalo daktari Patrick Haglund wa Sweden alilieleza mwaka 1928, huupata kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kwao nafasi ile ni finyu tangu mwanzo.

Mgonjwa huusikia asubuhi, hatua za kwanza kutoka kitandani. Huchechemea hadi mlangoni, mguu ukapata joto, maumivu yakapungua, akadhani yamekwisha. Jioni hurudi. Ukitazama kutoka nyuma utaona vile vibonde viwili vya kila upande wa kano vimejaa. Ukibonyeza pale ulipobonyeza mwanzo wa makala hii, ataruka. Kipimo hicho hakina gharama na hakihitaji umeme, ingawa picha ya altrasaundi itathibitisha, na eksirei itaonyesha kama mfupa umechomoza. Si kila maumivu ya kisigino ni bursa, bila shaka. Yanayochoma chini ya unyayo kwa kawaida hutoka kwenye utando mwingine kabisa, na mtoto wa miaka kumi anayelalamika baada ya mpira mara nyingi anaumwa pale mfupa wake unapoendelea kukua.

Mwandishi wa Kirumi Aulus Cornelius Celsus, katika karne ya 1, aliandika ishara nne za mchochota ambazo wanafunzi wa udaktari bado hukariri: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Baadaye ikaongezwa ya tano, kushindwa kufanya kazi. Mara nyingi nimeiwazia ishara hiyo ya tano. Zile nne zimo ndani ya kiatu na soksi. Mwenyewe ndiye anayezijua. Ya tano ndiyo wengine huiona. Msimamizi huona mtu anachelewa kufika lindoni. Mwalimu huona mwanafunzi anaburuza mguu kwenye mchakamchaka. Mteja huona muuza matunda hapiti tena mtaani kwake. Na kwa sababu wao hawakuziona zile nne za kwanza, hii ya tano huipa jina lingine: uvivu, kudeka, kutojituma. Hapo ndipo ugonjwa mdogo wa mwili unapogeuka kuwa hukumu juu ya tabia ya mtu. Hukumu hiyo huumiza kwa namna ambayo hakuna dawa ya kuchua inayoifikia.

Kuna daktari mmoja ambaye ningependa kila mwanafunzi wa tiba katika nchi zetu amjue. Bernardino Ramazzini aliishi Modena, Italia, na mwaka 1700 alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi: wachimba madini, wafinyanzi, waandishi, wanaosimama kutwa nzima, wanaobeba. Yeye mwenyewe alieleza kilichomsukuma. Alimwona mtu akisafisha shimo la maji machafu kwa haraka isiyo ya kawaida, akamhurumia, akamuuliza kwa nini hafanyi taratibu. Yule mtu akamweleza kwamba asiyewahi kuingia humo hawezi kujua maana ya kukaa ndani saa nne, macho huharibika. Ramazzini angeweza kuendelea na safari yake. Badala yake alikwenda kuwachunguza wasafisha mashimo wengine, akawakuta na macho yanayougua. Kisha akashauri kwamba kwenye maswali ambayo Hippocrates aliwaachia madaktari wamuulize mgonjwa, liongezwe moja: unafanya kazi gani?

Swali hilo linafaa mno kwa kisigino. Katika foleni ya zahanati yenye watu wengi na mganga mmoja, nafahamu kwa nini halipati nafasi. Mgonjwa anasema mguu unauma, anaandikiwa vidonge, anayefuata anaingia. Hakuna aliyeuliza anatembea umbali gani, anasimama saa ngapi, anavaa nini mguuni. Viatu vyenyewe mara nyingi vimeachwa nje ya mlango. Viangalie. Ukuta wa nyuma uliokanyagwa hadi ukalala, alama ya damu kavu kwenye bitana, soli iliyolika upande mmoja: vyote hivyo ni sehemu ya maelezo ya mgonjwa, tena sehemu ambayo yeye mwenyewe huenda hakufikiria kuisema.

Nchi zilizotangulia kuwa na viwanda zilichukua muda mrefu kukubali kwamba bursa inaweza kuwa suala la kazi na haki. Uingereza, ambako wachimba makaa ya mawe walifanya kazi kwa kupiga magoti katika mahandaki mafupi, na watumishi wa ndani walisugua sakafu kwa magoti, mchochota wa bursa ya goti na ya kiwiko hatimaye uliingia katika orodha ya magonjwa ya kazi yanayoweza kulipwa fidia. Umo hadi leo. Kisigino hakimo. Sababu yake, kwa maoni yangu, inaeleweka: goti la mchimba makaa lilikuwa na mwajiri mmoja na mgodi mmoja wa kuelekezea kidole. Kisigino hutembea kila mahali, kazini na nyumbani, kanisani na msikitini, na ni vigumu kusema ni hatua ipi iliyokiumiza.

Kiatu, hata hivyo, kinaweza kuelekezewa kidole. Tuwaangalie watoto. Katika shule zetu nyingi kiatu cheusi cha kufunika ni sehemu ya sare. Mzazi mwenye uwezo mdogo ana njia mbili. Atanunua cha mtumba, ambacho mguu wa mtu mwingine ulikwisha kukipa umbo lake. Au atanunua kipya kilichozidi, mtoto akikulie, awe anakivaa na kitambaa mbele. Kinachobana hukandamiza, na kinachopwaya hupanda na kushuka kisiginoni kutwa nzima. Baada ya wiki chache mtoto hukanyaga ukuta wa nyuma, akakivaa kiatu kama sapatu. Tunamkemea. Tunamwita mchafu, tunamwambia anaharibu kiatu, mwalimu wa zamu anamtoa mbele ya wenzake. Nimeliona jambo hili mara nyingi kiasi cha kunihuzunisha, kwa kuwa alichokifanya mtoto yule, bila kufundishwa na mtu, ndicho ambacho daktari bingwa wa mifupa angemshauri: ondoa kinachosugua nyuma ya kisigino.

Sisemi shule ziache sare. Mavazi ya kufanana huficha tofauti za kipato, na hilo lina heshima yake. Ninachosema ni kwamba kabla ya fimbo au maneno makali kuna hatua moja ndogo: mwambie mtoto avue soksi. Ukikuta uvimbe, au ngozi iliyogeuka ngumu na nyekundu, basi kosa halikuwa la nidhamu. Fundi viatu aliyeketi chini ya mti karibu na geti la shule anaweza kuulainisha ukuta ule kwa nyundo, au kuupunguza na kuushona upya kwa ngozi laini. Anaweza pia kukata kipande cha soli cha unene wa sentimita moja hivi, akakiweka ndani chini ya kisigino. Kisigino kikiinuka kidogo, kano huacha kuegemea sana ile kona ya mfupa. Kwa mtoto au kwa mtu mzima, kazi hiyo ya fundi wakati mwingine husaidia zaidi ya sindano. Ifanyike kwenye viatu vyote viwili, ili mwili usiegemee upande mmoja.

Kandambili nazo zinastahili kutetewa. Tumezoea kuziona kama kiatu cha kuogea au cha asiye na uwezo, na mtu anayezivaa kwenda ofisini anaweza kurudishwa getini. Lakini kwa mwenye bursa iliyovimba, kiatu kisicho na ukuta wa nyuma ni nafuu ya kweli. Kasoro yake ni kwamba kandambili nyingi ni bapa, hazikiinui kisigino. Yenye soli iliyonenepa nyuma ndiyo bora. Ningefurahi kuona karatasi ya daktari inayosema mtu huyu avae viatu vya wazi kwa wiki sita ikiheshimiwa na mlinzi wa geti na mkuu wa shule kama zinavyoheshimiwa karatasi nyingine zote zenye mhuri.

Na sasa ile dawa yenyewe. Kwa wagonjwa walio wengi kisu hakihitajiki. Punguza mwendo, hasa wa milimani. Badilisha kiatu. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Nyosha misuli ya shavu la mguu taratibu ukiwa umesimama sakafuni, wala usiteremshe kisigino chini ya ukingo wa ngazi kama wanavyofanya wanamichezo wenye maumivu ya katikati ya kano, kwa sababu zoezi hilo huikandamiza bursa. Halafu pumzika, si siku moja, bali wiki kadhaa. Upasuaji wa kuondoa bursa na kupunguza mfupa upo, na siku hizi huweza kufanywa kwa matundu madogo, lakini ni wa wale ambao yote hayo yaliwashinda kwa miezi mingi.

Pumzika! Neno hili huandikwa chini kabisa ya karatasi, baada ya vidonge, kana kwamba ni nyongeza isiyo na bei. Tazama linavyogawanyika linapofika mitaani. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mwajiriwa haki ya siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Karani wa benki mwenye bursa iliyovimba anaweza kuzidai. Tena kazi yake ni ya kukaa. Mmachinga anayezunguka na mashati begani kutoka Kariakoo hadi Tandika hana mwajiri wa kumpelekea cheti. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, umejengwa juu ya mwajiri anayechangia, naye hana. Siku asiyotembea ni siku isiyo na mauzo, na jioni yake kuna watu wanaosubiri unga. Mwili wake ni uleule wa karani, ute wa bursa yake ni mililita ileile, na maelekezo aliyopewa ni yaleyale. Lakini kwake yeye dawa hiyo ni ghali kuliko zote zilizoandikwa juu yake.

Anachoweza kumudu ni kidonge. Diclofenac hupatikana kirahisi, na inafanya kazi: mwaka 1971 John Vane alionyesha jinsi aspirini inavyozuia kutengenezwa kwa kemikali zinazoitwa prostaglandini, ambazo huchochea uvimbe na maumivu, na diclofenac hupita njia hiyohiyo. Ugunduzi huo ulimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Kwa siku chache, kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo, ni msaada. Kwa miezi, kila asubuhi, ili aweze kutembea juu ya kile kinachomuumiza, hugeuka kuwa mkopo ambao tumbo na figo ndizo zitakazoulipa. Sindano ya steroidi nayo hutuliza, lakini bursa hii imepakana na kano, na steroidi inaweza kuidhoofisha kano hadi ikakatika. Kuna onyo jingine ambalo ningependa lifike katika kila duka la dawa. Antibayotiki za kundi la ciprofloxacin, ambazo watu wengi hununua bila cheti, zinaweza kuharibu kano ya Achilles; mamlaka ya dawa ya Marekani iliziwekea onyo la ngazi ya juu kabisa mwaka 2008. Hatari ni kubwa zaidi kwa waliopita miaka 60 na kwa wanaotumia steroidi. Mtu mwenye maumivu ya kisigino asipewe dawa hiyo kwa kubahatisha tu kwamba labda kuna wadudu.

Wapo wanaopaswa kumwona daktari bila kungoja. Kisigino chekundu chenye joto pamoja na homa kinaweza kuwa na usaha. Mlio wa ghafla kama wa kitu kilichokatika, kisha mguu ukakosa nguvu ya kusimama kwa ncha, ni kano. Na kijana anayeamka visigino vyote viwili vikiuma, mgongo ukiwa umekakamaa kwa nusu saa au zaidi, huenda ana ugonjwa wa viungo unaoushambulia mwili mzima, ambao kisigino ni mahali pa kwanza ulipojitangaza. Baridi yabisi hufika hapo. Gauti pia.

Narudi kwenye lililo zito. Tumelelewa kuthamini uvumilivu, na nauthamini. Mvumilivu hula mbivu, tuliambiwa, na wengi wetu tulikula mbivu ambazo wazazi wetu walizivumilia. Tanzania tuna mfano tunaousimulia kwa watoto: John Stephen Akhwari, mkimbiaji kutoka Mbulu, ambaye tarehe 20 Oktoba 1968 aliumia goti katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia, jua likiwa limekwisha kuzama, watazamaji wengi wakiwa wameondoka. Akamaliza. Sina hata chembe ya neno la kupunguza heshima ya siku ile. Alijua anachokifanya, alikichagua, na ilikuwa mbio moja.

Lakini mfano huo tunautumia vibaya tunapompelekea mtu ambaye hakuchagua. Mlinzi anayesimama usiku kucha na buti lisilomtosha, kwa sababu stoo haikuwa na saizi yake, hayuko kwenye mbio. Hakuna mstari wa kumalizia utakaotokea mbele yake. Kumsifu kwa uvumilivu huku tukijua kwamba saizi nyingine ingeweza kuagizwa ni kumwachia yeye mzigo uliokuwa wetu. Nadhani tofauti iko hapo: uvumilivu ni fadhila pale mwenye maumivu anapoutoa mwenyewe kwa ajili ya jambo analolipenda. Anapoudai yule anayefaidika na maumivu hayo, unakuwa kitu kingine, na tusiufunike kwa jina zuri.

Kuna pia wanaojilazimisha wenyewe kuvumilia. Dada wa kazi asiyethubutu kusema mguu unauma kwa sababu anaogopa kurudishwa kijijini. Baba anayeona aibu kuketi mchana watoto wakimtazama. Kwao mchochota huendelea kwa miezi, ukuta wa bursa ukanenepa, kano iliyo jirani nayo ikaanza kuchakaa, na kilichohitaji wiki kadhaa kikahitaji mwaka. Ningependa wajue kwamba maumivu ya bursa hayapimi ujasiri wa mtu. Mishipa ya fahamu imejaa katika utando na mafuta ya pale juu kwa kazi maalumu, ya kutoa taarifa mapema, wakati kano bado nzima.

Kwenye vibanda na meza za pembezoni mwa barabara nimeona jambo ambalo halimo katika sheria yoyote. Muuza viatu akienda kuswali, wa jirani humshikia meza, anauza kwa niaba yake, na pesa anaikuta kamili. Mama lishe akiuguliwa, mwenzake huongeza sufuria, wateja wake wasipotee. Huko kushikiana ndiyo likizo ya ugonjwa ya wasio na mwajiri. Mganga wa zahanati hawezi kuandika msaada huo kwenye cheti, lakini anaweza kuuliza habari zake. Akishajua mgonjwa wake anafanya kazi gani na anavaa kiatu gani, amuulize pia ni nani aliye naye jirani pale anapouzia. Kisha wazipange pamoja zile wiki: nani atamfuatia mzigo alfajiri, atatafuta wapi kiti cha kuuzia akiwa amekaa, na siku gani arudi abonyezwe tena pale kati ya kano na mfupa, waone kama uvimbe umepungua.